Madereva Wana Makombe, Mafundi Hawana Hata Majina: Kutoka Datsun 240Z Mpaka Gari za Mbao za Pemba

Fungua YouTube usiku wowote, andika Datsun 240Z. Utamkuta jamaa wa Ulaya au Marekani ana gereji nyumbani kwake, taa nyeupe, sakafu inang'aa kuliko sahani, spana zimepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Gari imevuliwa mpaka imebaki ganda. Kutu inakatwa, bodi inanyooshwa, injini inashushwa, breki mpya, springi mpya, rangi mpya. Mwisho wa video anapiga stati, injini inaunguruma, watu wanamwaga laiki. Burudani safi kabisa.

Kumbe gari hiyohiyo ilipata jina lake kubwa huku kwetu, kwenye tope na vumbi la Afrika Mashariki. Na watu walioifanya ifike mwisho hawakuwa na sakafu ya kung'aa.

Mashindano ya Safari yalianza 1953 yakiitwa Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II. Kenya, Uganda na Tanganyika zilikuwa chini ya Waingereza, kwa hiyo waandaaji walichora njia ikazunguka nchi zote tatu. Mwanzoni hapakuwa na gari za ajabu. Watu waliingia na gari za kawaida, na madaraja yaligawanywa kwa bei ya gari dukani, si kwa ukubwa wa injini. Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, ikaonyesha maajabu. Mwaka 1960 jina likabadilika kuwa East African Safari, na sifa ikaanza kuvuka bahari: huko ndiko gari zinakokwenda kufa. Si maneno tu. Mwaka 1963 gari 84 ziliondoka, 7 zikafika. Mwaka 1968 ziliondoka 93, zikafika 7 tena. Mara zote mbili walioshinda ni walewale, Nick Nowicki na msoma ramani wake Paddy Cliff, tena kwenye Peugeot 404, gari ya baba wa familia.

Halafu ikaja 240Z. Ilipoingia sokoni mwishoni mwa 1969 ilikuwa gari ya michezo hasa: pua ndefu, viti viwili, injini ya silinda sita yenye cc 2,393. Gari ya kutembelea ufukweni California ukiwa umevaa miwani. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schuller wakaishindia Safari, na 240Z nyingine ikashika nafasi ya pili mikononi mwa Shekhar Mehta, kijana mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, baada ya kulingana alama na Harry Källström kiasi kwamba ilibidi waangalie nani alikaa muda mrefu zaidi bila kosa tangu mwanzo wa safari.

Sasa swali ambalo mashabiki wengi hawajiulizi: gari ya ufukweni inamalizaje maelfu ya kilomita za mashimo? Jibu ni gereji. Gari za Safari ziliinuliwa ili tumbo lisikwaruze mawe. Chini ya injini likafungwa bamba nene la chuma. Mbele ikawekwa ngao ya mabomba, maana ng'ombe wa kijijini hajui kuna mashindano. Maungio ya bodi yakachomelewa upya mara mbili, kwa sababu barabara ya makorongo hupasua bodi palepale kiwandani walipodhani pametosha. Taa za ziada, springi ngumu, shokapu za kubadilishwa njiani. Na njiani penyewe, usiku, mvua inanyesha, kuna watu waliolala chini ya gari kwenye tope, tochi mdomoni, wakifunga tairodi huku dereva akiangalia saa.

Orodha ya washindi ya kila mwaka ina majina mawili tu, dereva na msoma ramani. Wale wa chini ya gari hawamo.

Yupo mmoja aliyetoboa, na habari yake inathibitisha hayohayo. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikulia kwenye gereji. Alishika spana kwanza ndipo akashika usukani wa mashindano, na kabla ya umaarufu alikuwa mfanyakazi wa chama cha wenye magari, kazi yake kuwasaidia walioharibikiwa barabarani. Mwaka 1965 alishinda Safari na mdogo wake Jaswant kwenye Volvo PV544 ambayo si mpya. Ilishatumika kwenye mashindano kabla yao. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Wakenya walimwita Simba. Lakini jina alilipata kwa kuendesha. Angebaki chini ya gari, leo asingejulikana hata na jirani.

Tanzania nayo haikuwa mtazamaji. Bert Shankland na Chris Rothwell, wakazi wa Dar es Salaam, walichukua ushindi 1966 na 1967 na Peugeot 404. Njia ilipanda milima ya Usambara, ikashuka, ikarudi Kenya. Lakini ipo sehemu ya nchi ambako Safari haikufika wala isingefika, kwa sababu rahisi kabisa: bahari.

Pemba ni kisiwa cha urefu wa kama kilomita 67. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa cha kijani, na hawakutia chumvi. Tofauti na Unguja ambayo kwa sehemu kubwa ni tambarare, Pemba ni vilima na mabonde, unapanda unashuka, kona juu ya kona. Kutoka Mkoani hadi Chake Chake ni kama kilomita 30, na kutoka Chake hadi Wete kadiri hiyohiyo, lakini hizo si kilomita za kunyoosha mguu kwenye mafuta. Gari ya pua ndefu na tumbo la chini ingefanya nini huko? Mpemba mwenye hamu ya kuona kasi na hatari alikuwa na mchezo wa ng'ombe, na ukweli usemwe, ng'ombe aliyekasirika anakata kona kuliko 240Z.

Ila usidhani kisiwa hakikuwa na watu wa kusuka gari. Kilikuwa nao, na walisuka kuliko hao wa YouTube. Tofauti ni kwamba wao hawakuvua gari ya michezo. Walichukua lori, wakalijengea nyumba ya mbao mgongoni, wakalifanya basi.

Kuelewa gari za mbao lazima uelewe jinsi Waingereza walivyouza malori. Bedford, jina la malori ya kampuni ya Vauxhall, na Austin na wenzake, waliyasafirisha makoloni bila bodi ya nyuma. Ulichonunua ni chesisi, injini, magurudumu na uso wa mbele. Kilichobaki ni juu yako: unataka la mchanga, la abiria, la karafuu, mtafute fundi wa kwenu. Ilikuwa rahisi kusafirisha na rahisi kuuza. Matokeo yake ni kwamba chesisi zinazofanana zilienda pembe zote za dunia zikavalishwa nguo tofauti. Pakistan waliigeuza Bedford kuwa sinema ya kutembea, rangi na minyororo mpaka kwenye bampa. Malta wenye mabasi walijenga bodi zao wenyewe na kuzipaka kwa mkono. Visiwani kwetu zikavaa mbao.

Na mbao haikuwa ushamba. Fikiria kisiwa ambacho vijiji vingi havina umeme, mashine ya kuchomelea ni ndoto, bati la chuma linatoka ng'ambo na likifika linaliwa na hewa ya chumvi. Lakini kila pwani kuna mtu anayejua kuunda chombo cha baharini. Msumeno, randa, patasi, nyundo na keke, hakuna hata kimoja kinachochomekwa ukutani. Bodi ya mbao ikivunjika kijijini inatengenezwa kijijini, na seremala aliyetengeneza kitanda cha bibi harusi anaweza kuziba ubavu wa gari kabla ya adhuhuri.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Juu ya chesisi hukingamishwa maboriti mazito, yakabanwa kwa bolti za kupinda zinazokumbatia chuma. Hapo ndipo penye siri. Chesisi ya lori hujipinda ikipita kwenye shimo. Gurudumu moja juu, jingine chini, chuma kinajinyonga kidogo kisha kinarudi. Ukiipigilia bodi ngumu isiyotikisika itapasuka wiki ya kwanza. Mbao zilizounganishwa vizuri hulegea na kukaza pamoja na chuma, zinalia kidogo, zinaendelea. Fundi hakusema hayo kwa lugha ya uhandisi. Alisema gari iachiwe ipumue.

Baada ya maboriti husimamishwa nguzo, juu paa la mbao, pembeni wazi kwa upepo, na turubai lililokunjwa tayari kushushwa mvua ikija. Mabenchi mawili marefu yanatazamana, magoti kwa magoti, mlango nyuma na kidaraja cha kukanyaga. Paa ndilo buti: magunia, mikungu ya ndizi, baiskeli, tenga la samaki, wakati mwingine kitanda cha mtu anayehama. Kengele haikuhitajika. Ukitaka kushuka unagonga mbao, konda naye anagonga, dereva amesikia. Mwisho anakuja mpaka rangi. Huyo ndiye aliyekuwa na raha kuliko wote, maana wenzake kazi yao inafichwa na vumbi, yake inaonekana kutoka mbali.

Hesabu basi. Seremala wa bodi, fundi wa injini, wa springi, wa umeme, mpaka rangi, na spanaboi anayetumwa maji, sabuni na sigara huku akiiba ujuzi kwa macho. Watu watano sita kwenye gari moja. Leseni ilikuwa ya dereva. Kadi ilikuwa ya mwenye gari. Hakuna karatasi yoyote iliyotaka jina la aliyeifanya itembee.

Upande wa injini na miguu ndiko kulikuwa na masasisho ya kweli, yale ambayo leo vijana wanaita kuiseti gari. Mzigo wa Pemba ni karafuu. Kimbunga cha 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba imesimama, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kimebeba sehemu kubwa ya zao hilo. Msimu ukifika kila chenye magurudumu kinatakiwa. Lori lililobuniwa kwa barabara za Uingereza linapewa watu na magunia kisha linaambiwa lipande kilima cha udongo mwekundu uliolowa. Kwa hiyo fundi huongeza majani ya springi, moja, mawili, mpaka gari ikiwa tupu inaruka kama mbuzi lakini ikishiba inatulia. Rejeta huongezewa ukubwa au hupewa feni kubwa, maana mwendo wa polepole kupanda mlima hauleti upepo wa kupoza. Breki ndiyo roho: kushuka kilima na mzigo huo kwa ngoma zilizochakaa ni kumwachia Mungu kazi ambayo fundi alipaswa kuifanya asubuhi.

Halafu ikaja miaka ya ukame. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 biashara ya kuagiza bidhaa ikaingia mikononi mwa serikali, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 fedha za kigeni zilikuwa adimu nchi nzima. Bei ya karafuu duniani nayo ikaporomoka miaka ya 1980, baada ya Indonesia, mnunuzi mkubwa wa kutengenezea sigara za kretek, kuanza kujitosheleza kwa mashamba yake. Zanzibar hiyohiyo ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, miongo miwili kabla ya Bara kuwa na televisheni yoyote, lakini kupata gasketi ya Bedford Wete ilikuwa kama kutafuta sindano baharini.

Hapa ndipo fundi asiye na jina alipoonyesha nani ni nani. Gasketi ikakatwa kwenye karatasi ngumu, kipande kikawekwa juu ya injini na kugongwa taratibu kwa nyundo mpaka kingo zikajichora zenyewe. Bushi za mpira zikachongwa kutoka tairi lililokufa. Bolti ya gari moja ikatengenezewa nafasi kwenye gari nyingine. Gari tatu zilizokufa zikatoa moja hai. Mtu wa mjini anaweza kucheka akaiita mikweche, lakini mkweche unaotembea kila siku miaka ishirini bila spea ya dukani una mtu nyuma yake mwenye akili nyingi.

Na kulikuwa na kuhamisha injini. Kwa vijana wa leo kuweka injini ya gari nyingine ndiyo kilele cha ufundi, kitu cha kupigia picha. Afrika Mashariki nzima ilishafanya hivyo bila kelele: Land Rover na malori ya Kiingereza yakatolewa injini zake za petroli zenye kiu, zikaingizwa dizeli za Kijapani. Na mtu asikudanganye kuwa ni kufunga na kufungua tu. Mikono ya kushikilia injini lazima ichongwe upya, la sivyo inakaa upande. Kati ya injini na gia boksi ya kampuni nyingine inahitajika sahani ya chuma iliyotobolewa kwa usahihi wa unywele. Ikikosea kidogo tu, klachi inakula yenyewe ndani ya mwezi. Mlingoti wa kuzungusha magurudumu ya nyuma unakuwa mrefu au mfupi, unakatwa na kuungwa, na usipokaa sawa gari nzima inatetemeka kama ina homa. Umeme unaweza kuwa wa volti 24 kwenye gari ya volti 12. Yote haya chini ya mwembe, kwa kipimo cha jicho na uzi.

Mazungumzo ya gereji hizo ni yaleyale mpaka kesho.

"Fundi, gari inatoka leo?"

"Inshaallah, bwana."

"Ulisema inshaallah juzi."

"Na juzi Mwenyezi Mungu hakutaka."

Serikali huwaita gereji bubu, kwa maana ya kutosajiliwa. Jina limewakaa vizuri kuliko walivyokusudia, maana hawa kweli ni mabubu wa historia. Hakuna kitabu cha matokeo chenye jina lao, hakuna picha ya kombe. Wengine walifundishwa kwenye karakana za serikali wakatoka na mikono iliyojaa ujuzi na hawana karatasi ya kuonyesha. Wengine hawakuingia darasa lolote la ufundi. Ukimuuliza mmoja wao nani alimfunza atakutajia mtu, na huyo naye alifunzwa na mwingine, na mnyororo unarudi nyuma mpaka majina yanageuka kuwa lakabu tu na kijiji alichotoka.

Mwaka 1986 General Motors, wenye Vauxhall, wakaacha kutengeneza malori makubwa ya Bedford. Miaka hiyohiyo ya katikati ya 1980 Zanzibar ilikuwa imeanza kulegeza biashara, mwenye dola zake akaruhusiwa kuleta mali. Mambo mawili hayo yakakutana, na mshindi akawa Mjapani. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani uko kulia, na gari wanazozichoka wao kwetu bado ni mwanamwali. Toyota Dyna, Mitsubishi Canter na wenzao wakashuka bandarini. Kwa muda mafundi wa Pemba wakafanya walichozoea: chesisi ya Mjapani, nyumba ya mbao mgongoni, maisha yanaendelea. Ndiyo maana gari ya mbao unayoiona kwenye picha za watalii mara nyingi uso wake ni wa Kijapani na mgongo wa babu.

Mwaka 2010 kikatokea kitu ambacho kwenye historia ya gari hakitajwi kabisa lakini kilipaswa kutajwa. Waya wa umeme wa urefu wa takriban kilomita 78 ulilazwa chini ya bahari kutoka Tanga hadi Pemba, kwa msaada wa Norway. Kabla yake kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Watu walisherehekea friji na feni, sawa kabisa. Lakini kwa fundi, umeme wa uhakika ni mashine ya kuchomelea, kompresa ya kupulizia rangi, grainda. Chuma kikawa rahisi kukitengeneza nyumbani kuliko ilivyowahi kuwa. Seremala wa bodi, aliyekuwa mfalme kwa sababu hakuhitaji kuchomeka kitu ukutani, akaanza kupoteza sababu ya kuitwa.

Na kuna jambo ambalo wapenzi wa vitu vya zamani hawapendi kulisikia. Gari ya mbao ni nzuri kwenye picha, lakini ndani yake hakuna mkanda, hakuna ubavu wa chuma, mtu amekaa pembeni ya uwazi na mzigo uko juu ya kichwa chake. Ikipinduka, mbao hazimkingi mtu. Mama anayempeleka mtoto hospitali Chake hana deni lolote kwa utamaduni. Akipata basi dogo lenye mlango, kioo na kiti cha kuangalia mbele, atapanda hilo na yuko sahihi. Anayelilia gari za mbao mara nyingi ni mtu mwenye gari yake binafsi.

Lakini kukubali zitoke barabarani ni jambo moja, kuzifuta ni jingine. Malta waliyaondoa mabasi yao ya zamani barabarani Julai 2011, na mpaka leo yapo yanayotunzwa kama mali ya taifa, watu wanajua nani alijenga bodi ipi. Senegal ina mabasi yake ya rangi yanayoitwa car rapide, Renault za zamani zilizovalishwa na mafundi wa Dakar; moja limewekwa kwenye jumba la makumbusho la Musée de l'Homme, Paris. Ile 240Z iliyoshinda 1971 nayo haikuachwa. Nissan wanayo Japani, na mwaka 2013 wafanyakazi wao waliivua na kuifufua mpaka ikatembea tena. Na tangu 2003 kuna Safari ya gari za kale, East African Safari Classic, ambako matajiri wa dunia huja na Porsche, Escort na Datsun za enzi zile kupigana na vumbi lilelile. Kila gari ina kikosi cha mafundi wanaoifuata kwa gari za spea. Safari hii mafundi wanavaa fulana zenye nembo. Majina kwenye orodha bado ni mawili.

Pemba hakuna jumba la makumbusho lenye gari ya mbao. Kuna ufundi uliobaki kwenye mikono ya wazee wachache na vijana waliokuwa spanaboi wao. Na vijana hao hawajalala. Ukipita jioni mitaa ya Chake au karibu na maghorofa ya Wete unaweza kukuta Altezza yenye namba ya Z imeinuliwa kwenye matofali nje ya nyumba, kijana yuko chini yake na simu imesimamishwa kwenye tairi inaonyesha video ya Mjapani. Altezza ilitengenezwa kuanzia 1998, kwa hiyo zile za mwanzo zimeshazeeka, na kwa kizazi hiki ndiyo gari ya michezo ya zamani. Anataka kuishusha chini iwe kama za kwenye video. Barabara ya kijijini kwao inataka iinuliwe. Atahangaika, atakata springi, atagonga tumbo kwenye mzizi wa kwanza, atairudisha juu.

Akikwama anamwita mzee. Mzee haangalii simu. Anasema washa, anasikiliza, anasema zima, washa tena. Anaweka kiganja kwenye kichwa cha injini, ananusa ekzosi, anauliza mafuta ulimwaga lini. Halafu anataja kitu kimoja, mara nyingi kidogo kuliko kijana alivyoogopa: plagi, waya, bomba la hewa lililopasuka. Kijana akimlipa anapokea, asipokuwa nacho anasema utaniletea. Video ya kazi hiyo ikipandishwa mtandaoni itakuwa na jina la mwenye gari.

Nyuma ya nyumba ya mzee huyohuyo, au ya mwenzake kijiji cha pili, kuna chesisi iliyokaa kwenye magogo, majani yameota katikati ya mihimili. Bodi yake ilishatolewa. Mbao nzuri zikawa benchi na mlango wa banda, mbovu zikapikia. Wanunuzi wa chuma chakavu hupita na mizani, wanapima kwa kilo. Mzee anaambiwa auze, nafasi ipatikane. Mpaka sasa anasema bado, kuna yubolti mbili pale anaweza kuzihitaji.